Duara Nililolificha

Kata ya Lufingo,
Tukuyu, Rungwe.
9 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Bupe,

Ugonile, mwana wa mama. Umeamkaje huko Urambo? Ile miguu yako iliyokuwa ikivimba ukisimama sana shambani, bado inakusumbua? Na macho je? Mimi jicho la kushoto limeshafunga duka. La kulia linaona migomba ikiwa karibu, ikiwa mbali naona kijani tu, nasema basi, ni shamba.

Huku ni baridi. Juni ya Rungwe unaijua, ukungu unashuka mpaka mlangoni na nguo hazikauki siku tatu. Nashinda jikoni karibu na moto kama paka. Siwezi kusema sijambo kwa moyo wote. Nala, napumua, kanisani nafika.

Usiitupe barua hii kama ulivyokata simu. Mara tatu mwanangu Hosea amekupigia, na kila nikisema, "Bupe, ni mimi Tusekile," simu inakufa. Sikulaumu. Ingekuwa mimi ningekata vilevile, tena ningekutukana kwanza.

Anayeandika ni Tulia, kitinda mimba wangu, ambaye hujawahi kumtia machoni. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asinitengenezee maneno. Wewe na mimi shule hatukuiona. Unakumbuka baba alivyosema, msichana akijua kuandika ataandikia wanaume. Basi najua hata wewe hapo kuna mtu anakusomea. Kama ni Anneth, mjukuu wako, nakuambia wewe Anneth: soma yote. Bibi yako akikunja uso, soma. Akisema acha, soma kwa sauti zaidi.

Kwanza nikupe pole iliyochelewa miaka sita. Elina wako, mama yake Anneth, alipofariki kwenye kujifungua, nilisikia. Nilikuwa nachimba viazi, jirani akanipitishia habari, nikaendelea kuchimba. Jioni nikala. Sikuja, sikutuma salamu, sikutuma hata kanga moja ya kumfunika mtoto wa mdogo wangu. Ulizika binti yako bila dada, na dada alikuwepo. Pole, Bupe. Ichukue au iache, lakini nimeisema.

Sasa nami nimezika. Samson hayupo tena, mtoto wa Tulia. Alifariki mwezi wa nne, Alhamisi asubuhi, uji wake ukiwa bado wa moto. Alikuwa na miaka sita. Meno mawili ya mbele yalikuwa yametoka, akawa anapiga mluzi kupitia lile pengo, kutwa nzima, mpaka namwambia nyamaza utaniitia nyoka. Tulia ameacha kuandika hapa. Nimemngoja. Haya, anaendelea.

Sikuandikii ili unililie. Nakuandikia kwa sababu ya kitukuu wako, Emmanuel.

Wiki tatu zilizopita Emiliani wako alikuja kutazama kiwanja cha marehemu baba yake pale Bagamoyo, hii ya hapa Tukuyu. Mimi nilikuwa sokoni Tukuyu na mikungu yangu miwili. Naona mwanamume mwenye mvi amesimama mbele ya ndizi zangu, hanunui, haondoki. Nikamwambia, "Baba, kama hununui, nipishe jua, leo limetoka kwa bahati." Akasema, "Shikamoo, mama mkubwa."

Ni mdomo wako ule, Bupe, umebandikwa kwa mwanamume. Nilimwacha akiwa mgongoni kwako na sasa ana mvi! Nikamwambia marahaba, nikamkatia ndizi mbivu, nikamwuliza habari za huko. Akanieleza. Mtoto wa Anneth, mwaka mmoja na miezi minne. Masikio yanatoa usaha, likikauka hili linaanza lile. Nimonia mara tatu. Anaharisha, ananyauka. Anneth amepimwa UKIMWI mara nne na hana. Alivyokuwa akisema, nikakaa juu ya gunia.

Na hakunificha. Akasema, "Mama mkubwa, nyumbani wanasema ni wewe." Kwamba nilikufukuza haikunitosha, sasa nimekufuata mpaka kwa kichanga. Nikabaki nimeshika kisu cha ndizi. Kumbe ndivyo inavyokuwa kutajwa mchawi. Mimi ni mara ya kwanza. Wewe umeishi nayo miaka arobaini na sita.

Sasa nisikilize, maana aliyokuwa akiyasema Emiliani nilikuwa nayajua moja baada ya moja kabla hajayasema. Ni Samson mtupu.

Samson alizaliwa mnene, analia kama ndama. Mpaka miezi saba hakuna aliyekuwa na neno. Mwezi wa nane sikio likaanza. Tukasafisha, likakauka, likaja la pili. Halafu kifua. Hospitali, sindano siku saba, nyumbani. Baada ya wiki tatu, kifua tena. Majipu. Kuhara. Mikono yote ikawa alama za sindano mpaka wanamtafutia mshipa kichwani. Watoto wa jirani wanaugua, wanapona, wanasahau. Yeye kila ugonjwa ulimkuta mgeni, hata ule uliokuwa umelala kwake mwezi uliopita.

Tulia naye alipimwa UKIMWI mara tano. Mara zote hana. Ilipofika ya sita, mume wake Elisha akasimama pale dirishani akasema, "Nipimeni na mimi. Pimeni na mbuzi wangu kama mnataka. Nauliza, mtoto wangu anaumwa nini?" Watu kwenye benchi walicheka. Yeye hakucheka. Siku ile ndipo nilipompenda mkwe wangu, kabla ya hapo nilikuwa namvumilia.

Na mimi nikuambie ukweli ulivyokuwa moyoni mwangu. Kila Samson alipolazwa, nilikuwa natamka jina lako. Chini chini, nikichochea moto. Bupe. Bupe ametufuata.

Akiwa na miaka minne na nusu, wakaja madaktari wa utafiti pale hospitali ya wilaya. Walikuwa wanatafuta watoto wanaolazwa kwa nimonia mara kwa mara na UKIMWI hawana. Kiongozi wao ni daktari mama, mtu wa Bukoba, mfupi, anavaa raba kama mchezaji wa mpira. Akachukua damu kidogo ya Samson, ya Tulia, halafu akanigeukia mimi. Nikamwuliza damu ya bibi kizee anataka kuipika na nini? Akacheka, akasema, "Bibi, yako ndiyo naitaka kuliko zote." Sikuelewa. Nimekuja kuelewa, na bora ningebaki vile.

Majibu yalichukua miezi. Damu ilipimwa Mbeya, nyingine ikasafirishwa mbali huko. Daktari akaja mwenyewe mpaka hapa nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akala ndizi kama sisi, akatueleza.

Anasema katika damu ya kila mtu kuna askari. Ugonjwa ukiingia mara ya kwanza wanapigana nao, na baadhi yao wanashika sura yake. Siku ukirudi wanautambua mlangoni. Samson hakuwa na wale wa kushika sura. Si kwamba walikufa, hawakuzaliwa kabisa, kama mtu anavyozaliwa bila kidole. Hakuambukizwa. Hakurogwa. Tulia hakula kitu kibaya akiwa na mimba. Tatizo hilo limo kwenye damu tangu tumboni.

Na njia yake ni hii, Bupe, shika vizuri. Linapita kwa wanawake, linaua wanaume. Mwanamke analibeba maisha yake yote, analima, anazeeka, haumwi hata kichwa. Akimpa binti, binti naye analibeba. Akimpa mwana, mwana anaumwa. Wengine linawaruka, binti au mwana. Hosea wangu limemruka. Emiliani wako limemruka. Hakuna aliyechagua.

Daktari akatoa karatasi akaanza kuchora. Mdogo wangu, mimi sijawahi kusoma karatasi yoyote tangu nizaliwe, lakini ile niliisoma. Mraba ni mwanamume. Duara ni mwanamke. Aliyeondoka kwa ugonjwa huo anapakwa wino. Akaniweka mimi, duara. Akaniuliza watoto. Nikasema Jacob. Akachora mraba, akapaka wino. Andongwisye. Akapaka wino. Lazaro. Akapaka wino. Hosea akamwacha mweupe. Tulia, duara. Samson mwenyewe alikuwa pale pale anafungua kamba za raba za daktari, naye mraba wake ukaachwa mweupe. Daktari akasema, "Huyu bado tuko naye."

Akapanda juu. Mama yetu, duara. Nikamtajia wale kaka zetu wawili waliokufa kabla hatujazaliwa, ambao mama alikuwa akiwataja akipepeta mahindi, unakumbuka, kila mara anapepeta kisha anawataja. Miraba miwili, wino.

Niliangalia karatasi ile nikaona kitu kimoja. Wino wote ulitoka kwa mama na kwangu. Mimi. Hawakuuawa na mtu. Mimi mwenyewe niliwapa, pamoja na maziwa yangu, na sikujua.

Halafu akaniuliza, "Bibi, una dada au mdogo wa kike?"

Nikasema sina.

Akauliza tena, labda aliona kitu usoni. Nikasema, "Nimezaliwa peke yangu." Hosea akainama kufunga kamba ya kiatu, naye alikuwa amevaa ndala.

Daktari alikuwa anataka kuwajua wanawake wote wa ukoo wetu, ili mtoto wa kiume akizaliwa popote apimwe mapema, kabla kifua hakijaharibika. Ndiyo kazi iliyomleta. Na mimi nikakufuta. Sikutaka jina lako liingie nyumbani kwangu, hata kwenye karatasi. Ilikuwa mwezi wa pili mwaka jana. Pale sokoni nilimwuliza Emiliani, mtoto wa Anneth kazaliwa lini? Akasema mwezi wa pili mwaka jana.

Tulia amenitazama sasa hivi. Nimemwambia andika, usinitazame.

Samson akaanza dawa. Inaingia kwa dripu, saa kadhaa, kila wiki nne pale Mbeya. Daktari anasema inatengenezwa kutokana na damu ya watu wengine wengi, wazima. Ni ulinzi wa kuazima, ukiisha unaongezewa. Mwaka ule mmoja, Bupe, mtoto alipata mashavu. Alikimbiza kuku. Alikula ndizi mpaka nikamficha sufuria. Kuna mwezi dawa ilichelewa, tukakosa usingizi, ikaja.

Lakini mapafu yalikuwa yameshaliwa. Miaka mitano ya nimonia si mchezo. Zilipokuja mvua za mwezi wa tatu kifua kikakamata, dawa ikaendelea, sindano zikaongezwa, mapafu yakashindwa. Daktari alikuja kwenye msiba. Nikamvuta pembeni nikamwuliza, angeanza akiwa na mwaka mmoja je? Akanishika bega. Nikamwambia, "Mama, mimi ni mzee, usinibembeleze." Akasema, "Bibi, wengi wanaoanza mapema wanakua, wanasoma, wanafanya kazi." Halafu akalia, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Ile karatasi Tulia anaitunza kwenye Biblia. Baada ya arobaini aliitoa, akachukua kalamu akaupaka wino mraba wa mwanawe kwa mkono wake. Sikumzuia.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa napazunguka tangu mwanzo wa barua. Siku ya maji.

Najua unaikumbuka, ila Tulia na Anneth hawaijui, kwa hiyo nasema polepole. Jacob alikuwa ameshazikwa, Andongwisye ameshazikwa, na Lazaro alikuwa amelala kwenye mkeka anapumua kwa mbavu. Ulikuwa mwaka wa vita vya Amini. Wazee wa ukoo wakatuita uani, wakasema kuna manung'uniko yamefichwa, ndiyo yanayomla mtoto. Kila mtu achukue maji mdomoni, aseme hasira yake mbele ya wote, ayapulize chini, ili mtoto apone. Ndivyo tulivyolelewa. Anayesema anasafisha, na baada ya hapo hakuna wa kumrudishia neno lake.

Kibuyu kikazunguka. Mmoja akasema hana hasira na mtu. Wa pili akasema hana. Shemeji akasema hana. Kikafika kwako. Wewe ukasema, "Nilimkasirikia dada. Alikuwa na maziwa ya mgando, akawapa wageni wote, mimi na mwanangu akatuambia yamekwisha, na nilikiona kibuyu hakijaisha. Nilinung'unika njia nzima." Ukapuliza maji, ukaja ukanishika mkono. Wote wakakushukuru, ndaga, ndaga fijo.

Kikafika kwangu. Nami nilikuwa na hasira, Bupe. Si ya maziwa. Yale maziwa nilikunyima makusudi, hukukosea. Nilikuwa na hasira kwa sababu Emiliani wako alikuwa mnene, anakaa mwenyewe, anacheka, na wangu wanaingia ardhini. Nilikuwa nikimwona namwonea wivu kichanga. Nikachukua maji mdomoni, nikasema sina neno na mtu. Nikapuliza.

Baada ya wiki mbili Lazaro akafa. Watu wakiwa wamejaa uani, wanawake wanalia, mimi nikasimama. Nikasema, "Mnamtafuta nani? Bupe amesema kwa mdomo wake. Wote mlimsikia."

Nilichukua neno ambalo lilikuwa limeshapulizwa chini, nikaliokota, nikakupiga nalo. Katika watu wote wa uani pale, wewe peke yako ndiye uliyesema kweli, na ukweli huo ndio niliokufukuzia. Walikata migomba yako nami nikatazama. Mlipoondoka, mume wako mbele, wewe nyuma na mtoto mgongoni, uligeuka mara moja pale kwenye mkuyu. Nilikuwa mlangoni. Nikaingia ndani.

Basi. Hiyo ndiyo niliyoibeba. Jumapili baada ya ibada niliwakalisha Hosea, Tulia na Elisha, nikachukua maji mdomoni, nikasema ile hasira yangu ya wakati ule, yote, na wivu wangu kwa mtoto, na uongo wangu kwa daktari. Nikapuliza. Hosea amelia, mtu mzima na ndevu zake. Najua haitoshi, maana aliyetakiwa kusikia hakuwepo. Kwa hiyo nakuandikia wewe.

Sasa ninachotaka. Leteni Emmanuel apimwe.

Tulia amezungumza na daktari kwa simu. Daktari hakusema mtoto anao ugonjwa huu, hata kidogo. Amesema apimwe, na apimwe upesi. Damu zetu ziko kule Mbeya, kwa hiyo watajua wanatafuta nini, haitachukua miezi kama ya Samson. Amemwekea nafasi kwenye utafiti huo huo. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii, na ndani nimeweka barua yake aliyoiandika kwa madaktari. Mtoto akipata homa kabla ya safari, msisubiri safari. Siku hiyo hiyo mpelekeni Tabora hospitali, muwape hiyo barua waisome. Sikio msitie majani, msitie mafuta. Sisi tulitia.

Emiliani ameniahidi atawasindikiza. Elisha atawasubiri stendi Mbeya, ni mrefu, ana koti la kijani, na nimemwambia asiende chooni mpaka awaone. Mtalala Ibighi, hapo Tukuyu mjini, kwa Hosea, nami nitahamia huko; pana umeme na maji ya bomba, pasiwe na mtu wa kusema mtoto kashikwa na baridi ya Lufingo.

Sikuahidi kwamba atapona. Kama ni ugonjwa huu, hauponi. Ni dripu kila wiki nne maisha yake yote, na kuna miezi dawa inachelewa na moyo unakaa mdomoni. Sikudanganyi, nimeshadanganya ya kutosha. Ninachokuambia ni kwamba wangu walipewa mashimo, na wako anaweza kupewa dripu.

Wala usinisamehe kwanza. Kusamehe kutakuchelewesha. Njoo na hasira yako nzima, uje nayo kwenye basi, nitakuwekea kitanda mbali na changu na sitakulazimisha unisalimie. Ukitaka kunitukana mbele ya majirani, majirani nitawaita mimi mwenyewe. Lakini mtoto aje.

Na wewe Anneth, unayesoma. Bibi yako akisema hapana, msikilize kwa heshima, mpikie, mlaze, kisha umfunge mtoto mgongoni uende stendi. Si kosa lako na si kosa la mume wako. Hukumpa mwanao kitu kibaya kwa kujua. Mimi niliwapa watatu, na mama yako mkubwa Tulia alimpa mmoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mchawi. Tulia anasema nikuambie kwamba kile unachokifanya, kumwekea mtoto mkono kifuani kila saa uone kama mbavu zinaingia ndani, na yeye alikuwa anafanya. Sijui kama unafanya. Yeye anasema unafanya.

Nisalimie Emiliani, mwambie ndizi alizosahau sokoni nimezila. Nisalimie mkewe, na mume wa Anneth. Kwa Elina, ukipita makaburini, mwambie mama yake mkubwa amechelewa. Hosea na Elisha wanawasalimu. Anyelwisye, yule mliyekuwa mkiteka naye maji, bado yupo, hana jino hata moja na umbea haujapungua. Nilipomwambia nakuandikia, akasema, "Mwambie Bupe nilijua." Nikamwuliza mbona hukusema miaka yote hii? Akasema, "Nilikuogopa wewe." Basi hata hilo nimelistahili.

Kyala akulinde wewe na wote walioko chini ya paa lako, apoze kifua cha huyo mtoto, na atupe mimi na wewe siku chache za kukaa jiko moja kabla hatujaitwa.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni kabla sijakufukuza,

Dada yako,
Tusekile.

Bupe, hapa chini utaona michoro. Hii si ya Tulia. Nimemnyang'anya kalamu, nimechora mwenyewe, mara yangu ya kwanza kuishika, na vidole vinaniuma. Duara lililopinda kama kiazi ni mimi. Lililo pembeni yangu, karibu sana, ni wewe. Nimelichora mara tatu mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Chini yako Elina, chini yake Anneth, na kile kimraba kidogo ni Emmanuel. Tulia anasema karatasi nyingine ya namna hii ameshampelekea daktari, na wewe umo.

Miraba yangu minne ni myeusi. Huo wa kwenu nimeuacha mweupe. Uleteni ukiwa hivyo hivyo.